Kiporo cha Zuhura

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini nikianza maneno kabla ya kukuamkia nitahisi unanikata lile jicho lako la pembeni, na leo nina mengi ya kukuambia, sitaki tuanze kwa ugomvi.

Ni mimi Zuhura. Nakuandikia nikiwa Mbagala, barazani kwa Hamisi, yule mtoto wa Somoe uliyekuwa ukimbeba mgongoni huku unapepeta ufuta. Ameshajenga, ana mke mpole, ana watoto wenye makelele. Somoe mwenyewe amelala ndani. Ndiyo, Somoe huyo huyo uliyemzaa, ambaye toka azaliwe hajawahi kulala mchana. Nitakueleza kwa nini.

Nimekutamani, Mama. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, lakini siku hizi nakulilia mpaka naona haya. Jana mke wa Hamisi alikuwa anakaanga ufuta jikoni, ile harufu ikanijia nikainuka nikaenda kusimama mlangoni kama mjinga. Akaniuliza, "Unataka kitu, bibi?" Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba nilidhani nikifika jikoni nitakukuta wewe?

Watu wa kijijini kwetu Mitole walikuwa wanaijua habari yetu, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ila huku mjini hawaijui, na hapo ndipo palipotokea kizaazaa ninachotaka kukusimulia.

Baba alikuwa na wake wawili, wewe na mama aliyenizaa. Yeye alifariki mimi sijamaliza hata wiki duniani. Wewe ulikuwa unamnyonyesha Somoe, ndio kwanza anajifunza kukaa. Nimesimuliwa kwamba wanawake msibani walikuwa bado wanabishana nani anichukue na nani ana mbuzi wa maziwa, wewe ukaninyanyua pale mkekani, ukafungua khanga, ukanipa ziwa la kushoto. Mabishano yakaisha. Hata hukusema neno, na wewe kwa maneno hukuwa na uchache.

Toka siku hiyo la kulia likawa la Somoe na la kushoto likawa langu. Mimi nakumbuka kwa mbali, au labda nakumbuka kwa kusimuliwa, maana ulikuwa hukomi kusimulia. Ukituweka huku na huku, ukisema, "Kila mtu na lake. Atakayevuka mpaka nitamfinya." Somoe alikuwa analia nikiligusa tu lake. Na hata tulipokuwa wasichana wakubwa, akitokea mtu asiyejua adabu akauliza kama kweli mimi ni wako, ulikuwa unajipiga kifua upande wa kushoto, pa! "Hili ni la Zuhura. Wewe unataka ushahidi gani tena?" Siku niliyoolewa kwenda Tingi ulinishika mkono ukaniwekea pale pale, juu ya khanga, ukanipa radhi. Wengine walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nasikia moyo wako unavyokwenda.

Halafu ndilo likaugua hilo hilo.

Ulilificha, Mama. Sikulaumu, nakusimulia tu jinsi tulivyoiona. Ulianza kufunga khanga juu zaidi. Ukaanza kuoga peke yako. Somoe alipokubana ukamwonyesha kijiuvimbe, ukacheka. "Hiki ni kiporo cha Zuhura." Ukaeleza kwamba nilipopata surua nikiwa mdogo nililikataa ziwa ghafla, sikulimaliza, basi maziwa yangu yamelala humo miaka yote na sasa yameganda. Na sisi tukacheka. Kila nikija kukutembelea unanitania: "Umekuja kumaliza kiporo chako?" Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Kiporo! Nani angekiogopa kiporo?

Ukakanda kwa majani, ukakanda kwa maji ya moto. Kikawa kama korosho, kikawa kama yai, kikapasuka. Somoe ndiye aliyekuwa anakusafisha kidonda, mimi ulinikataza nisitazame. Ulisema nikitazama nitajihesabia kosa. Na kweli yalikuwepo maneno. Jirani yetu mmoja alinong'ona kwamba ziwa limechoka kwa mtoto wa mwenzio. Wewe ulikuwa huwezi hata kuinuka, lakini uliinuka. "Nani kasema wa mwenzangu? Aje aseme hapa, nina nguvu ya kumpiga bado!" Nguvu yenyewe iko wapi, mwili umebaki fimbo. Yule mama alipita nyuma ya nyumba zetu mwezi mzima asipite mbele.

Tulikuzika, Mama, na hatukuwahi kukupeleka popote. Zahanati ilituandikia twende hospitali, ukasema subirini korosho zivunwe, na zilipovunwa wewe ulikuwa huwezi tena kukaa kwenye gari.

Sasa sikiliza. Kipindi hiki cha kiangazi muuguzi wa zahanati aliwakusanya wanawake Mitole akawaambia kwamba wenye umri wetu waende wakapimwe maziwa, hasa kama kwenye familia kuna aliyeugua. Yeye alisema matiti. Somoe anasema wanawake wote waliinamisha vichwa, maana sisi neno hilo ulitufundisha halisemwi mbele za watu. Muuguzi akasema ipo mashine inayopiga picha ndani ya titi, inaona kitu ambacho mkono hauwezi kukigusa. Somoe hakungoja mkutano uishe. Akapanda bodaboda mpaka kwangu Tingi, akashuka ana vumbi mpaka kwenye kope, hata maji hajanywa.

"Jiandae. Tunakwenda Dar."

"Kuna nini, dada? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, na sitaki afe mtu. Wewe ndiye uliyenyonya lile ziwa. Wewe ndiye litakayekuandama. Nimezika mmoja, wa pili siziki."

Nikamwambia mimi sina maumivu yoyote. Akanijibu, "Na Mama alikuwa nayo? Si alikuwa anacheka?" Unamjua mwanao akishashika jambo. Alinifungia mizigo yeye mwenyewe, tukaenda Nangurukuru kungoja basi la kutoka Lindi, na njia nzima amenishika mkono kama mtoto atakayepotea sokoni. Yeye wala hakuwaza habari yake. Kwa nini awaze? Yeye alinyonya la kulia, zima, halikuwahi hata kuwasha.

Asubuhi ya kwenda hospitali akanikuta nimevaa dera langu la kawaida. "Ala! Unakwenda kupigwa picha umefubaa hivyo?" Nikamwambia ni picha ya ndani. "Ndani, nje, picha ni picha. Wataona mwanamke wa Kilwa hana mwenyewe?" Akachukua kopo la poda ya mke wa Hamisi akanimwagia shingoni, kifuani, kwapani, chini ya maziwa, mpaka nikapiga chafya. Na yeye hakujisahau, akajipaka kama anakwenda kucheza ngoma. Tulitoka tunanukia mtaa mzima.

Hospitalini wakatuita "mama zangu", wakatuamkia vizuri. Wakaniuliza kwenye ukoo kuna aliyeugua ugonjwa wa matiti? Nikasema yupo, mama yangu. "Mama mzazi?" Nikasema ndiyo. Mama, ningesema nini kingine? Maisha yangu yote sijawahi kukuita vingine, ningeanza siku hiyo mbele ya mtu nisiyemjua?

Chumba chenyewe kina baridi. Mashine imesimama kimo cha mtu, ina mabapa mawili, moja chini, na moja juu la plastiki kama kioo. Binti anayeiendesha, mdogo kuliko binti yangu, akaliweka ziwa langu juu ya bapa la chini, akalishusha la juu. Inabana hiyo! Nilitaja jina lako kwa sauti. Akasema, "Pole mama, shikilia pumzi, inaisha sasa hivi." Na kweli ikaisha. Hakuna filamu wala kungoja kusafishwa, picha ikatokea hapo hapo kwenye skrini ya kompyuta. Nyeusi na nyeupe, nyuzinyuzi, mishipa. Nikajiona mwenyewe kwa ndani. Nikaona na vidoadoa vyeupe, vingi, vimetapakaa kama ufuta uliomwagika.

Yule binti akasogeza uso kwenye skrini. Akavikuza. Nikasema moyoni, basi, nilidhani kiporo nilikiacha kwako, kumbe tuligawana.

Akanigeukia. "Mama, umepaka nini?"

"Kupaka?"

"Poda. Umejipaka poda?"

Akanieleza kwamba poda inaonekana kwenye picha kama chembechembe za ugonjwa, na kwamba tulipaswa kuambiwa tusijipake. Labda walituambia, Somoe hakusikia. Akanipa kitambaa na maji, nikajisugua mpaka ngozi ikawaka, tukarudia. Vidoadoa havipo. Daktari akaja, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akaziweka picha za kushoto na kulia bega kwa bega, akakuza huku, akaongeza mwanga kule, kama vijana wanavyochezea simu. Akasema, "Hongera mama, sioni tatizo. Urudi tena mwakani."

Somoe alikuwa mlangoni. Alipiga kigelegele mle hospitalini, Mama, watu wakatoka vyumbani. Akaingia, akamshika daktari mikono. "Daktari, Mungu akuzidishie. Mimi nilijua litamwandama tu huyu, maana ndiye aliyenyonya lile lililougua. Mimi nilinyonya la kulia."

Daktari akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Sijaelewa. Nyinyi ni wa mama mmoja?"

Somoe akamsimulia yote. Msiba, mkeka, khanga, kushoto na kulia. Alisimulia vizuri, kwa madaha, kama ulivyokuwa ukisimulia wewe. Daktari akavaa miwani yake. Akasema ugonjwa huu haupiti kwenye maziwa. Mtoto hanyonyi ugonjwa. Unaweza kufuata damu, kwa aliyezaliwa na mgonjwa. Akaniangalia mimi, akamwangalia dada.

"Sasa wewe, mama, ndiye uliyezaliwa naye?"

"Ndiyo, ila mimi wa kulia."

"Hakuna kushoto wala kulia, mama yangu. Wewe ndiye niliyetaka kukuona kwanza."

Mama, nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu? Daktari aliposema kwamba sikurithi kitu kwako, nilishukuru, wallahi nilishukuru, na papo hapo nikaumia. Nilikuwa na wewe upande huu wa kifua miaka yote, hata kama ni kwa hofu. Ghafla mtu ananiambia hakuna kitu chako humu. Nilijisikia yatima mara ya pili. Ujinga, najua. Na hata ujinga huo sikupata nafasi ya kuukalia, kwa sababu Somoe alikuwa ameshaingia chumbani.

Alifutwa poda vizuri kabisa. Tukasimama nyuma ya kioo na yule binti, picha ikatokea. Safi, nyeusi, hakuna kilichotapakaa. Kulikuwa na kitu kimoja tu. Cheupe, kidogo kuliko punje ya choroko, kingo zake zimechongoka. Upande wa kulia.

Somoe akachungulia. "Bado pana poda hapo. Nifute tena."

Yule binti akaniangalia. Alijua, na mimi nikajua kwamba anajua. Lakini alichukua kitambaa, akakilowesha, akamfuta tena, taratibu, kama anavyofutwa mtoto. Wakarudia picha. Kikawa pale pale.

Daktari alimpapasa kwa vidole, hakukipata. Somoe akajipapasa, hakukipata. Mimi pia nikaambiwa nijaribu, ili niamini, sikukipata. Mkono wa binadamu haukioni, Mama. Ile mashine imekiona. Wakamchoma sindano wakitazama kwenye skrini nyingine, wakachukua kidogo cha kupima, picha zikatumwa kwa daktari mwingine mji mwingine naye akatazame. Jibu lilipotoka, ni ugonjwa ule ule wako. Lakini wakasema ni mapema. Kikatwe, halafu dawa za dripu.

Mwanao akakataa. Akavaa ushungi wake, akasema Mama hakukatwa na yeye hakatwi, anarudi Mitole, kama ni kufa atafia kwake. Hamisi akalia mbele yake, hakujali. Mimi nikampigia magoti, akaniambia, "Inuka, Zuhura, unanichafulia jina." Siku nzima tumekaa kwenye benchi la hospitali hatusemezani. Nilimchukia, Mama. Nilikuchukia na wewe kidogo, nisamehe, kwa kumfundisha ukaidi.

Mwishowe daktari akamwita, si kwa kumshawishi, alisema tu aje aone picha yake kabla ya kuondoka. Akakikuza kile kitu mpaka kikajaza skrini. Somoe akakitazama kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekusafisha kidonda, alikijua kinavyokuwa kikikua. Akauliza, "Daktari, Mama yangu chake kiliwahi kuwa hivi?"

"Lazima. Kila kimoja huanza hivi."

"Na kama tungemleta kikiwa hivi?"

"Siwezi kuapa, mama. Lakini huenda mngekuwa naye."

Somoe akakaa chini sakafuni. Hukuwahi kumwona akilia namna hiyo, hata siku ya mazishi yako hakulia hivyo. Hakuwa anajililia yeye. Alinishika gauni, akawa anarudia, "Tungekuwa naye, Zuhura. Sasa hivi angekuwa anatusema sisi hapa. Tungekuwa naye." Na mimi nikakaa chini pale pale, tukakulilia upya, kwenye sakafu ya watu, watu wanatupisha. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya khanga, akamwambia daktari, "Nikate."

Wamemkata, kidogo tu, ziwa lenyewe lipo. Sasa yuko kwenye dripu. Ndiyo maana amelala mchana. Zikimwingia anakuwa hoi, chakula hakitaki, nywele zimetoka zote, ananiambia nisimcheke nami namcheka ili asinione ninavyomwonea huruma. Daktari anasema anakwenda vizuri. Namwamini daktari. Ila kuna jambo limenitia hofu kuliko sindano na mashine zote, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Anakuota. Kila akilala baada ya dripu anasema umekuja, umesimama kwenye mlango wa jiko la Mitole, unapepea mkono, unamwita jina lake. Anasema unanukia vilevile. Anasema huna kidonda. Leo alipoamka kidogo nimemwona anatabasamu kabla ya kufumbua macho, na alipoyafumbua akaniona mimi, tabasamu likamtoka. Akaniambia, "Nilikuwa karibu kumwitikia."

Mama, wewe unajua yanayosemwa kuhusu kumwitikia marehemu.

Najua unamtamani. Ni mwanao, ulimbeba tumboni, umekaa huko miaka bila yeye. Mimi mwenyewe nakutamani mpaka siku nyingine nasema afadhali uniite mimi, nije niweke kichwa pale. Duniani humu hujawahi kuniomba kitu nikakunyima. Uliponituma usiku nilikwenda, uliponioza nilikubali, uliponiambia nisitazame kidonda sikutazama. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukukatalia, na nakukatalia nikiwa nimepiga magoti.

Usimwite tena. Njoo umtazame ukitaka, lakini usimwite. Ukiona umeshindwa kunyamaza, mwambie arudi alale. Nakupenda, Mama, na nitakupenda mpaka na mimi nije. Ila Somoe sikupi.

Mwanao uliyemwokota mkekani,
Zuhura